Tuwapokee Kwanza, Matokeo Baadaye

Ndugu zangu wa Mwera, likizo ndefu ya vyuo ikifika, vijana wetu wanaosoma Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro watashuka Pangani mjini, watavuka mto hadi Bweni, kisha watakamata bodaboda kuja nyumbani. Nawaomba jambo moja: wasiulizwe GPA kabla hawajatua begi.

Najua swali hilo linatokana na mapenzi. Mtoto mmoja akiingia chuo kikuu, ukoo mzima umeingia naye. Yupo baba aliyeuza nazi, yupo shangazi aliyekopa kikoba, yupo bibi asiyekosa kumwombea dua. Lakini yeye akiulizwa, anasikia anadaiwa. Na deni lenyewe halilipiki: akipata 3.8, anaambiwa mtoto wa fulani ana 4.4. Ndiyo maana wapo wenye sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo moja tu wanaobaki mjini likizo nzima, wakidai kwa simu kwamba wako fildi kwa mafunzo ya vitendo. Mtoto anaona haya kuja kula kwa mama yake kwa sababu ya somo moja! Hili linaniuma.

Tuzijue basi hizo namba. Katika vyuo vyetu vikuu, kwa shahada nyingi GPA huishia 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na mwenye 2.0 amefaulu. Mwenye 3.4 hajafeli kitu, ila anaweza kujifungia chumbani kana kwamba amefukuzwa. Na hiyo sapu imewekwa na chuo chenyewe ili mwanafunzi apate nafasi ya pili. Sisi tunamnyima kwa lipi?

Wapo wazee watakaosema huko ni kuwadekeza. Mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kinyume chake. Wanafunzi waliofanya vibaya katika mtihani mgumu, kisha wakaelekezwa kujihurumia badala ya kujilaumu, walisoma kwa muda mrefu kuliko wenzao kabla ya mtihani wa pili. Nami naliamini hilo kwa yale ninayoyaona hapa kwetu: aliyekesha akijitukana hana nguvu ya kupiga msuli asubuhi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mwenye sapu aje nayo nyumbani. Mpeni chakula, mwacheni alale, halafu asubuhi zake mwachieni asome. Shamba litangoja hadi alasiri. Maimamu na walimu wa madrasa, tusaidieni kulisema hili.

Nawe mwanangu uliyeko chuoni, maneno unayojiambia usiku, ungethubutu kumwambia mwenzako wa chumba kimoja aliyefeli? Basi usijiambie. Usingizi ukipotea, au hamu ya kula na ya kuishi ikapungua, usingoje likizo: nenda leo kwa mshauri wa wanafunzi, kisha pigia simu nyumbani. Sema ukweli, hata kama ni sapu tatu. Tutakupokea.