Jibini ya Pilipili katika Walima ya Kitengela

 

Tumepokea barua ya mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye yeye na mumewe walihamia Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, kufuata kazi za viwanda vya Athi River. Binti yao ataolewa mwezi wa Mfunguo Pili, inshaallah, na wageni kutoka pwani watapanda kwa treni. Mama huyu amedhamiria kuwatangulizia wageni sinia za jibini iliyotiwa pilipili na kukaangwa, kabla ya biriani kupakuliwa, kwa kuwa sambusa za nyama za watu wote hao zimemshinda bei, na maziwa anayapata karibu. Wifi zake wamempinga. Wanasema jibini ni kitu cha shubha, tena si chakula cha walima. Zaidi ya hayo, mama wa bwana harusi haitii jibini kinywani tangu aliposikia kwamba hugandishwa kwa tumbo la ndama. Bibi arusi mwenyewe ndiye aliyeichagua jibini hiyo, na mama anachelea kwamba mkwe wa bintiye akiisukuma sinia mbele ya watu, neno litakalosemwa siku hiyo litamfuata mtoto wake mpaka nyumbani kwa mumewe.

Anatuuliza kama aache. Jawabu letu ni kwamba asiache, ila jibini hiyo aigandishe mwenyewe kwa ndimu, na mama wa bwana harusi apate habari yake kabla ya siku ya walima.

Tuanze na neno la shubha, maana ndilo lililomnyima usingizi. Jibini nyingi hugandishwa kwa kitu ambacho vitabu vya fiqhi hukiita infaha, nacho asili yake hutolewa tumboni mwa ndama au mwanakondoo anayenyonya. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, infaha ni tahiri ikiwa mnyama alichinjwa kisharia naye alikuwa bado hajala ila maziwa; akiwa ni mzoga, infaha yake ni najisi. Mahanafi wamesema ni tahiri hata ikitoka kwa mzoga, na wanaoifuata rai hiyo hutaja kwamba masahaba walipoifungua Iraki walikula jibini iliyotengenezwa na Majusi, ilhali machinjo ya Majusi hayaliwi. Hitilafu hii ni ya wanazuoni wakubwa na ina karne nyingi. Kwa hivyo wifi zake hawakuzua jambo, na haifai kuwakejeli. Wala yeye hana haki ya kuambiwa kwamba kila jibini ya dukani ni haramu, kwani siku hizi viwanda vingi hutumia kigandishi kilichotokana na kuvu au vijidudu, si mnyama. Anayenunua na asome maandishi ya pakiti, na asipoyafahamu amuulize muuzaji.

Ama hili la kwamba jibini si chakula cha walima, hapo tunawapinga wifi waziwazi. Imethibiti katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Anas bin Malik, kwamba Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bi Safiyya, katika safari ya kurudi kutoka Khaibar mwaka wa 7 Hijria, walima yake ilikuwa tende, samli na akit. Hapakuwa na nyama wala mkate. Na akit ni kitu gani? Ni maziwa yaliyochachuka, yakapikwa, yakakamuliwa maji yake na kukaushwa. Yaani ni jamaa wa karibu wa jibini, naye hakugandishwa kwa tumbo la mnyama yeyote. Basi mwenye kusema kwamba sinia ya jibini inaishusha hadhi walima, tunamwomba aisome habari hiyo kwanza.

Sasa tuingie jikoni. Wako watakaoshangaa kumwona sheikh anasogelea karai. Wafahamu kwamba tulipokuwa wanafunzi wa madrasa, bhajia za futari zilikuwa na zamu, na zamu haikumsamehe mtu.

Jibini inayomfaa mama huyu ni ile ambayo Wahindi wa Mombasa huiita paniri. Hugandishwa kwa moto na ndimu tu, hivyo mlango wa shubha unafungika pale pale. Ina fadhila ya pili, nayo ni kwamba haiyeyuki. Jibini za dukani zilizo nyingi zikikutana na mafuta ya moto hulegea na kutoka nje ya unga, ukabaki na maganda matupu na karai lililochafuka. Paniri hubaki na umbo lake, ikawa laini ndani na kavu nje.

Maziwa ndiyo mtihani wenyewe. Kitengela mtu anaweza kununua maziwa ya ATM, ya pakiti, au ya akina mama wa Kimaasai waletao mitungi asubuhi. Tunampendekezea haya ya mwisho, akimpata muuzaji amjuaye. Ng'ombe wa wafugaji hukamuliwa maziwa machache, lakini mafuta yake ni mengi kuliko ya ng'ombe wa kizungu, na mafuta ndiyo ladha ya jibini. Tena kuna jambo lililotufurahisha. Ng'ombe wekundu aina ya Sahiwal, ambao wafugaji wengi wa Kajiado wamewachanganya na wao wa asili, walitoka Punjab, na huko Punjab ndiko paniri inakoliwa sana. Kwa hivyo ng'ombe na jibini yake wamekutana tena chini ya vilima vya Ngong, bila ya mtu kuwapangia.

Lakini asingoje siku ya mwisho. Ukame ukizidi, wafugaji huhamisha ng'ombe kufuata malisho, na maziwa huadimika mjini; waliokuwa huko kati ya mwaka wa 2020 na 2023 wanakumbuka mizoga iliyolala kando ya barabara. Mama na aagize mapema, na atangulize sehemu ya malipo. Muuzaji naye ana watoto, na lita nyingi kwa siku moja ni lita ambazo atawanyima wateja wake wa kila siku.

Tunasisitiza pia kwamba maziwa hayo yachemshwe mpaka yafure. Maradhi ya brusela hupita katika maziwa mabichi, nayo si mageni katika nchi za wafugaji. Homa yake huenda na kurudi kwa miezi, na kwa mja mzito ni hatari. Kwa bahati njema, jibini hii haiwezi kufanyika pasipo kuchemsha.

Hesabu ni nyepesi. Wageni 40, vipande 3 kila mmoja, kila kipande kadiri ya pingili ya kidole gumba, watahitaji jibini isiyopungua kilo 1 na robo tatu. Hiyo ni lita 12 za maziwa mazima. Maziwa yaliyotiwa maji yatampunja. Asizipike zote pamoja, bali lita 4 kwa sufuria moja, mara tatu.

Achemshe lita 4 huku akikoroga ili yasishike chini. Yakifura, apunguze moto, aanze kutia maji ya ndimu kijiko kwa kijiko, akikoroga polepole. Nusu kikombe aghlabu hutosha. Mapande meupe yatajitenga, na maji yatabadilika rangi yawe ya kijani hafifu. Hapo aache kutia ndimu mara moja, kwani ikizidi jibini huwa ngumu na chachu. Amimine katika kitambaa cha malmali kilichotandikwa juu ya chujio, apitishe maji baridi kuondoa uchachu, akamue.

Pilipili inaingia sasa, jibini ikiwa bado na uvuguvugu, na hapa ndipo wengi wanapoikosa ladha. Hutia ukali wote katika unga wa nje, mlaji akauma moto juu na maziwa matupu ndani. Mama achukue pilipili mbichi 3 zilizokatwa ndogo sana, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kupondwa, kotmiri ya kukatakata na chumvi, avichanganye na jibini kwa mkono. Kisha aifunge tena katika kitambaa, aiweke baina ya sinia mbili na kuitwika jiwe la kinu au sufuria iliyojaa maji kwa muda wa saa mbili. Ikishikana, iingie katika friji mpaka kesho yake. Ikikatwa siku ile ile itavunjika.

Asubuhi ya walima akate vipande na avipanguse kwa kitambaa kikavu, maana maji yakiingia katika karai mafuta yatamrukia. Kwa kila sehemu ya lita 4, akoroge kikombe kimoja cha unga wa dengu na vijiko viwili vikubwa vya unga wa mchele, thomu na tangawizi zilizopondwa, bizari ya manjano kidogo, pilipili ya unga kwa kadiri, chumvi, na maji mpaka urojo uushike mgongo wa kijiko. Unga wa mchele ndio unaoleta ukavu wa nje. Bila huo dengu hulegea kabla sinia haijafika ukumbini. Mafuta yawe ya moto kiasi kwamba tone la urojo likizama liibuke papo hapo. Dakika mbili au tatu zatosha, vipande vichache kila mara. Mwenye kujaza karai hupoza mafuta, na jibini huyanywa.

Pembeni aweke chatne ya ukwaju iliyopondwa pamoja na tende na pilipili. Utamu wa tende hutuliza ulimi, na kwa wageni wa pwani ni harufu ya nyumbani. Sinia moja iwe kali, nyingine iwe na bizari tu, kwa ajili ya watoto na wazee. Hatuoni ufahari wowote katika kumtoa mgeni machozi.

Maji yaliyobaki katika kila sufuria asiyamwage. Yafaa kukandia unga wa chapati, na chapati hizo huwa laini kuliko za maji ya bomba.

Yamebaki mambo mawili yanayowahusu walaji. La kwanza ni majirani. Mama ameandika kwamba atawaalika Wamaasai wa mtaa wake, akiwemo huyo muuzaji wa maziwa. Basi ajue kwamba wengi wa wazee wao, wale walioshika mila, hawachanganyi maziwa na nyama katika mlo mmoja. Jibini ni maziwa. Ikipakuliwa pamoja na biriani, mzee atakaa na sahani mkononi asijue afanyeje. Ndiyo maana tunaunga mkono mpango wa mama wa kuitanguliza peke yake, kisha utulivu upite kabla ya nyama kuingia, na mwenye kupitisha sinia amweleze kila mzee ni kitu gani. Mzee atachagua mwenyewe.

La pili ni mama wa bwana harusi. Huyu asishtukizwe. Siku saba au kumi kabla ya walima, mama na ampigie simu mwenyewe, asimtume mtoto wala asipitishe kwa wifi, amwambie: "Dada yangu, nimesikia huli jibini kwa ajili ya tumbo la ndama, na una haki. Hii yangu ni maziwa na ndimu, nimeigandisha kwa mkono wangu. Ukifika Kitengela nitakuonyesha ninavyoifanya." Maneno haya hayamshindi wala hayamfundishi dini. Yanamwambia kwamba wasiwasi wake umesikilizwa na ukaheshimiwa. Akiweza kufika siku moja kabla, akabidhiwe ndimu azikamue yeye.

Huenda bado asile. Mtu aliyeichukia kitu kwa miaka mingi hakianzi kwa simu moja, na sharia haimlazimishi. Kwa hivyo pembeni ya jibini ziwepo bhajia za viazi, kwa urojo ule ule na mafuta yale yale, na sinia itakayowekwa mbele yake iwe imechanganya vyote viwili. Mkono wake utachukua kiazi na hakuna atakayejua kwamba ameruka kitu, wala hapatakuwa na sinia ya kusukumwa. Na bibi arusi aambiwe hivyo mapema, ili asimtazame mkwewe mdomoni.

Swali la pili la mama huyu, juu ya dufu na kaswida za usiku wa hina na mipaka yake, tutalijibu katika toleo la wiki ijayo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.