Si Kila Tochi Hupanda Mlima



Juma lililopita tulipigiwa simu na mama mmoja tunayemheshimu. Binti yake atapanda Mlima Kenya pamoja na wenzake katika likizo ya Agosti, naye akatuuliza: "Maalim, safari hii nimnunulie mtoto tochi gani?" Maneno hayo mawili, "safari hii", yalituchoma, kwani tulijua ni safari gani aliyokuwa akiikumbuka. Miaka michache nyuma, kaka yake binti huyo alipojiandaa kwa mlima uo huo, nasi tukiwa miongoni mwa waangalizi wa msafara, mama huyu alituuliza swali hilo hilo. Tukamjibu kwa wepesi: "Tochi ni tochi, dadangu. Mpe iliyopo nyumbani."

Kijana akapewa tochi ya marehemu babu yake, ya bati, ndefu, yenye mawe makubwa matatu. Usiku wa kuelekea kileleni tuliondoka kambi ya Shipton saa tisa, maana wapandao Lenana hupenda kufika wakati jua linapochomoza. Kambi hiyo iko takriban mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Basi ni karibu mita mia nane za kupanda gizani, juu ya changarawe inayoteleza, katika baridi ya kugandisha maji. Mkono mmoja wa kijana ulishika fimbo na wa pili ulishika tochi, asibakiwe na mkono wa kujizuia. Haijatimu saa kumi na moja, mwanga ukafifia, ukawa mwekundu mfano wa kaa, kisha ukazimika. Akajikwaa, goti likapasuka, nasi pamoja na kiongozi mmoja tukateremka naye pole pole. Wenzake waliliona jua likichomoza, yeye hakuliona. Kosa lilikuwa letu, na leo tunalilipa deni hilo kwa kujibu kama tulivyopaswa kujibu siku ile.

Tuanze na uzito. Wazee wetu waliziita betri za tochi "mawe", na hawakukosea. Jiwe moja kubwa la aina ya alkali lina uzito unaokaribia gramu 140. Matatu yanapita gramu 400 kabla hujahesabu bati lenyewe, na huo ni uzito unaokaribia chupa ya maji ya nusu lita. Tochi ndogo ya kuvaa kichwani, inayotumia mawe matatu membamba ya AAA, aghalabu haifiki gramu 100 pamoja na mawe yake. Huenda mtu akasema kwamba mizigo itabebwa na wapagazi. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpagazi naye anapanda mlima ule ule, kwa pumzi ile ile chache.

La pili ni mikono. Kwa mpanda mlima, tochi ya kichwani ni bora kuliko ya mkononi, kwa sababu mwanga hufuata macho na mikono hubaki huru kwa fimbo, kwa mawe ya mlima, na kwa kutilia udhu gizani kabla ya alfajiri. Binti ajaribu mkanda wake dukani akiwa amevaa mtandio na kofia ya sufi juu yake, kama atakavyokuwa kule, kwani mkanda unaotosha kichwa kitupu huenda usitoshe kichwa kilichofunikwa. Na wako vijana watakaosema kwamba simu inatosha. Simu hushikwa mkononi, betri yake hudhoofishwa na baridi, nayo ndiyo itakayohitajika kuitia msaada pakitokea dharura. Isigeuzwe taa.

La tatu ni mwangaza. Kipimo kinachoandikwa kwenye pakiti huitwa lumeni. Kwa njia ya mlima, tochi inayofika lumeni 200 inatosha, na ndani ya kambi hata lumeni 20 ni nyingi. Ukiona kitochi cha kidole kinachodai maelfu ya lumeni, kiache hapo hapo dukani. Pana mambo mawili pia ambayo wanunuzi wengi hatuyajui. Katika kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi wenye sifa, saa zilizoandikwa huhesabiwa hadi mwanga unapopungua na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Basi "saa 50" si saa hamsini za mwanga kamili. Na umbali ulioandikwa ni ule ambao mwanga umekuwa hafifu kama wa mbalamwezi, si umbali wa kuona kila jiwe unalolikanyaga. Pendelea yenye kupandishwa na kushushwa mwanga, ili isile mawe bure, na ikiwa na mwanga mwekundu ni heri zaidi, kwa kuwa hauwasumbui waliolala na hauyapofui macho yaliyokwisha kuzoea giza.

La nne ni baridi, nayo ndiyo iliyotuangusha. Mawe ya alkali hupoteza nguvu nyingi baridi inapokaribia kugandisha maji. Yale ya lithiamu yasiyochajiwa huistahimili baridi vizuri zaidi, tena ni mepesi, ijapokuwa bei yake iko juu. Ukinunua tochi ya kuchaji, ichaji ikajaa kabla ya safari, na isichajiwe ikiwa imeganda kwa baridi, kwani huharibika. Mawe ya akiba yawekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiku yalale pamoja na mwenyewe ndani ya mfuko wa kulalia.

La tano, mvua. Alama ya IPX4 ina maana kwamba tochi inahimili maji yanayoirukia kutoka kila upande, na hiyo yatosha mlimani. Tazama pia swichi, isiwe nyepesi kiasi cha kujiwasha ndani ya shanta. Ikiwa haina kufuli, legeza kifuniko au geuza jiwe moja wakati wa mchana.

Mwisho ni jaribio, ambalo halina gharama. Huku kwetu karibu na ikweta usiku ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi iwasheni tochi nyumbani baada ya Isha kwa mwanga wa kutembelea, muone inafifia saa ngapi. Kupanda Lenana kutoka Shipton huchukua kama saa tatu hadi nne, na kambini kila usiku kuna saa moja au mbili za kupika, kula na kupanga mizigo. Tochi isiyovuka saa sita majumbani kwetu, penye joto, haifai kupelekwa kwenye barafu bila mawe ya akiba. Na mfundisheni mtoto adabu yake: anapozungumza na mwenziwe auinamishe mwanga chini, asimmulike machoni.

Haya ndiyo tuliyomwambia mama yule. Alinyamaza kidogo, kisha akatuambia kwamba kaka mtu, ambaye sasa ameanza kazi, ameshasema ataitoa yeye pesa ya tochi ya dada yake, mradi tu yeye maalim aichague. Tumekubali, na Jumamosi tutakwenda naye dukani, tukiwa na kofia ya sufi mkononi. Ama tochi ya babu, tumeshauri itundikwe nyuma ya mlango wa jikoni. Umeme ukikatika itamulika ua mzima, na hapo uzito wake haumwelemei mtu.

Wabillahi tawfiq.