Kikundi Bila Usimamizi Hakifundishi Ushirikiano

Mwandishi wa makala haya ameeleza vyema umuhimu wa kazi za vikundi kwa wanafunzi wa uhandisi, lakini hoja yake kwamba ushirikiano hujengeka wenyewe pindi wanafunzi wanapopewa mradi wa pamoja haithibitishwi na uzoefu wa vyuo vilivyofundisha kwa njia hiyo miaka mingi. Katika Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kilichoanzishwa mwaka 1974, wanafunzi hujifunza kwa miradi inayoanzia kwenye tatizo halisi, na kila kikundi huwa na msimamizi, yaani mhadhiri anayefuatilia si hesabu na michoro tu, bali pia namna wanakikundi wanavyogawana kazi na kusuluhisha mivutano yao. Wasomaji waliotangulia kutoa maoni kuhusu makala haya, wanaolalamika kwamba mmoja hufanya kazi na wanne wakavuna alama, wana haki kabisa, na ndiyo maana mtihani wa kikundi huko Aalborg humhoji mwanafunzi mbele ya wenzake kuhusu ripoti nzima na kumpa alama zake binafsi. Tathmini rika, yaani utaratibu wa wanakikundi kupimana michango yao, nayo husaidia, ila ikiachwa hadi mwisho wa muhula huwa imechelewa, kwa kuwa aliyezembea hana tena nafasi ya kujirekebisha. Wahadhiri wa uhandisi wanaosoma makala haya na waianze tathmini hiyo tangu wiki za kwanza za mradi.