Waacheni Watoto Watazame!

Hapa Kinna watoto wadogo hukawia njiani wakitoka shule. Huokota maua ya mgunga, humtazama fundi akipanga mawe, kisha husimama penye nyumba ya Kiborana. Nasi wakubwa twawafokea, "Nendeni nyumbani!"

Mimi nasema, waacheni! Nyumba hiyo hujengwa na akina mama. Fito hupindwa, hufungwa kwa kamba, halafu hufunikwa kwa mikeka. Wakati wa kuhama hufunguliwa ikapakiwa juu ya ngamia. Siku hizi ni mabati tu. Je, nyanya zetu wakituacha, nani atatufundisha?

Juzi mdogo wangu aliniuliza fito hukatwa kutoka mti gani. Mimi, wa kidato cha tatu, nikanyamaza kimya! Jamani, mwacha mila ni mtumwa. Tuulize mapema.