Maneno Yetu: Kufumba, Kufumbua na Kufumbia Macho

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja ambalo kila mtoto hulijua hata kabla hajaweza kusema sawasawa, nalo ni kufumba. Mama humwambia mwanawe, "Fumba macho ulale," na mtoto huyafumba. Lakini undani wa neno hili wapita usingizi wa mtoto.

Kufumba ni kuzileta pande mbili za kitu mpaka zikutane, na kilichomo ndani kisionekane. Hufumbwa macho, hufumbwa kinywa, hufumbwa mkono, na ua nalo hufumba. Kinyume chake ni kufumbua, na ile u iliyoingia karibu na mwisho ndiyo igeuzayo kazi, kama vile funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Basi tusemapo "kufumba na kufumbua" kwa maana ya muda mchache, tumelitaja tendo zima, kwenda kwake na kurudi kwake. Mtu mzima hupepesa macho yapata mara 15 kwa dakika, na kila mara moja haitimizi nusu ya sekunde. Asomaye kitabu au akodoleaye simu hupepesa mara chache zaidi, ndipo macho yakamkauka na kumuuma.

Tumetaja kupepesa, na hapo tupite upesi. Ni la ukoo wa kupepea, kupepeta, upepo na kipepeo, na jamaa zake wameenea bara: Waganda huuita upepo mpewo, Wanyanja mphepo, na kwa Wakikuyu heho ni baridi. Hakuna siri katika kupepesa. Siri imo katika kukonyeza, maana hapo jicho hufanywa ulimi ili wawili wasemezane na wa tatu asijue. Surat al-Mutaffifin, katika aya ya 30, yawataja wakosefu waliokuwa wakikonyezana Waumini walipowapitia. Vijana wetu wanaokonyezana shuleni kwa sababu ya kiatu cha mwenzao kilichotoboka, wajue kwamba mchezo wao ni wa kale na umekwisha kutajwa.

Waarabu nao waliutoa muda mchache machoni. Neno letu lahadha limetoka kwao, na asili yake ni kutupa jicho kwa pembeni. Na katika Surat an-Naml, aya ya 40, yule mwenye elimu ya Kitabu alimwahidi Nabii Sulayman kumletea kiti cha enzi cha Malkia wa Sabaa kabla jicho lake halijamrudia.

Turudi kwa kufumba. Humo tumepata fumbo, yaani neno lililofungwa kama ngumi: asikiaye aiona ngumi, haoni kilichomo. Wazee walisema, fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataligangua. Tumepata pia kufumbata, kukishika kitu ndani ya kiganja.

Lakini umbo lililotushikisha kalamu ni kufumbia. Ongeza i moja tu, na tendo hupata wa kufanyiwa. Afumbaye macho huyafumba kwa usingizi, au kwa vumbi, au kwa jua kali. Afumbiaye macho huyafumba kwa ajili ya jambo fulani, na jambo hilo amekwisha kuliona. Asiyejua hafumbii. Kwa hiyo neno hili halitumiki ila pana kosa: twasema jirani ameyafumbia macho mateso ya yatima wa nyumba ya pili, au ami amelifumbia macho fungu la urithi la binti wa nduguye linaloliwa mchana. Hatusemi fulani ameifumbia macho harusi.

Kiarabu kina msemo ule ule. Surat al-Baqara, katika aya ya 267, yawakataza watoao sadaka wasichague kilicho kibaya, ambacho wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Na kitenzi kilichotumika hapo ni hicho hicho cha kufumba jicho. Wafasiri husimulia habari ya tende mbovu zilizoletwa msikitini Madina. Mwenye kuzileta alizijua hali zake.

Wengine hulichanganya neno hili na kuinamisha macho. Surat an-Nur huwaamrisha hayo wanaume kwanza, katika aya ya 30, kisha wanawake katika aya ya 31. Ainamishaye macho hujizuia nafsi yake. Afumbiaye macho humwachia mwingine adhulumu.

Na kuna neno la tatu, ambalo kwa maoni yetu ndilo linalotumiwa vibaya kupita yote katika nyumba zetu, nalo ni kusitiri. Mtoto anapigwa kupita kiasi, au binti anasumbuliwa na jamaa anayelala nyumba ile ile, nao wakubwa husema, "Tunasitiri aibu ya ukoo." Hasha. Husitiriwa aliyeteleza akajuta. Mkono ambao ungali unaumiza hausitiriwi. Jambo hilo jina lake ni lile tulilolieleza hapo juu, na mtoto aliyetajiwa maneno haya kwa majina yake sahihi hupata la kusema siku akihitaji kusema.

Limebaki neno la mikutanoni, ufumbuzi. Wengi hulitumia kwa maana ya dawa ya tatizo, nao hawasikii ndani yake kufumbua. Mwezi ujao, Inshallah, tutalishika neno kukodoa.