Ujue Sheria ya Mwaka Husika Kabla ya Kulipa

Mfanyabiashara akiletewa madai ya kodi ya miaka ya nyuma, mara nyingi hukimbilia kusoma sheria ya leo. Hilo ni kosa, na linaweza kumgharimu fedha ambazo hakuwa akidaiwa.

Tuchukue Kodi ya Ongezeko la Thamani, Tanzania Bara. Ilianza Julai 1, 1998 kwa asilimia 20. Julai 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Sheria yenyewe ya mwaka 1997 ikafutwa na ile ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 1, 2015. Kwa mauzo ya shilingi milioni 10, tofauti ya viwango hivyo ni shilingi 200,000.

Kila mwaka Sheria ya Fedha hurekebisha sheria nyingi kwa mkupuo. Kwa hiyo tafuta Gazeti la Serikali uone tarehe ya kuanza kutumika. Soma "Madhumuni na Sababu" mwishoni mwa muswada, kisha Hansard uone Waziri alieleza nini. Lakini muswada si sheria. Bunge huweza kuubadili kabla ya kuupitisha.

Sheria nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza, ila Bunge hujadili kwa Kiswahili. Usimwachie mshauri kila kitu.

Nawe mwenye hisa, unapokagua hesabu za kampuni, kagua pia mabadiliko ya sheria zinazoigusa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria nayo ina daftari lake.