MWANGA NA MAWINGU HUKO MARIEVALE



Jumamosi moja ya majira ya joto, mara baada ya Sala ya Alfajiri, tuliondoka hapa Troyeville pamoja na wajukuu wetu wawili na kamera moja, tukaelekea mashariki hadi Marievale, hifadhi ya ndege iliyo karibu na mji wa Nigel. Huko kijito cha Blesbokspruit hutandaa na kuwa mabwawa na matete, makazi ya yangeyange, kwarara, bata, na vitwitwi wanaokuja kutoka kaskazini ya Ulaya kuikimbia baridi, nao ni wageni wa nchi hii kama sisi.

Jua lilipochomoza tulilipa mgongo. Mwanga wa saa hiyo huja chini chini, ni laini, na hufanya maji yang'ae kama dhahabu. Mjukuu wetu mkubwa alimpiga picha yangeyange aliyesimama penye maji ya kivuli. Akatokea mweupe mtupu, bila hata unyoya mmoja kuonekana. Tulimweleza kwamba kamera ikiona giza limetanda huongeza mwanga, na hapo humuunguza ndege mweupe. Dawa yake ni kuupunguza mwanga huo kwa mkono.

Ilipofika saa tatu mawingu yalifunga. Wajukuu walinuna, sisi tukafurahi. Wingu huchuja jua, vivuli vikali hutoweka, na manyoya meupe huweza kuhesabika. Ila mwanga huwa haba, na ndege arukaye huhitaji kasi, tuseme sehemu 1 kwa 1,000 ya sekunde. Hivyo yapasa kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga, na kuvumilia chengachenga kidogo pichani. Upepo nao una funzo lake: ndege huruka na kutua akiukabili, basi mpiga picha anayeupa mgongo huonana naye uso kwa uso. Radi ilipoanza kunguruma tulirudi garini, kwani hakuna picha yenye thamani ya roho.

Jioni tulizilinganisha picha. Ile ya asubuhi ilipendeza mno. Ile ya mawingu, ya mahali pale pale, ilionyesha povu na chupa za plastiki kwenye matete. "Hii mbaya, Babu, tuifute," alisema mdogo. Tulikataa. Bonde hili liliingizwa mwaka 1986 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Na mwaka 1996 likaandikwa katika orodha ya zile zilizoharibika, kwa sababu ya maji machafu yaliyovutwa kwa pampu kutoka mgodi wa dhahabu. Picha ya asubuhi haikuyasema hayo.

Nasi tuna desturi kama hiyo. Picha tunazowapelekea jamaa zetu Tanga, Mombasa au Bukavu ni za siku ya Idi, jua limewaka, kanzu zimepigwa pasi. Chumba kinachovuja hatukipigi picha, wala siku ya kukosa kazi. Kisha tunashangaa mdogo wetu anapouza shamba ili atufuate. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuwapelekee picha zote mbili, ya jua na ya mawingu, ili atakayefunga safari aifunge akijua.